Vijidudu vya Mizizini na Fedha Zetu za Mbolea

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Kamati ilituagiza tuandike maneno machache juu ya udongo, ili yasomwe katika mkutano huu na kisha yapigwe chapa katika kitabu cha taarifa ya mwaka pamoja na hesabu. Huenda mtu akauliza, karani wa ofisini, ambaye mikono yake huchafuka kwa wino tu, ana haki gani ya kusimama mbele ya wakulima na kuwaeleza habari za shamba? Jibu letu ni kwamba sisi ndio tunaoandika daftari la fedha, na daftari hilo limetuonyesha jambo. Ukiondoa fedha za misiba na za karo, hakuna fungu linalomeza mali ya Chama hiki kama fungu la mbolea. Kila mwaka kabla ya mvua za masika twachanga, twanunua mifuko, twaipeleka nyumbani Vihiga kwa wajane na wazee walioandikwa. Na kila mwaka habari zinazorudi ni kwamba mahindi yamekuwa ya manjano tena.

Katika mkutano wa mwaka uliopita mama mmoja alisimama akauliza: “Mbona mwatuletea mbolea, na shamba lazidi kuchoka?” Mtakumbuka kwamba ukumbi ulinyamaza, kisha tukaendelea na jambo lililofuata katika orodha. Kamati iliona si adabu kuliacha swali la mama likae vile. Kwa hiyo tulitumwa kuuliza kwa mabwana shamba, kusoma vitabu, na kwenda nyumbani wakati wa masika tukiwa na jembe, ili tung'oe mimea na kuitazama mizizi yake. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Yafaa tuanze na vitu tusivyoviona. Ukichota udongo wenye rutuba ukaujaza kiganja, umeshika viumbe hai wengi kuliko wanadamu wote waliopo duniani. Hatusemi siafu wala nyungunyungu, hao huonekana. Twasema juu ya vijidudu ambavyo wataalamu huviita bakteria, ambavyo jicho haliwezi kuviona pasipo hadubini. Gramu moja ya udongo, yaani uzito wa punje mbili au tatu za maharagwe, yaweza kuwa na vijidudu hata milioni 1,000. Wengi wetu tulipokuwa shuleni tulifundishwa bakteria katika somo la afya, pamoja na kipindupindu na kifua kikuu, tukatoka darasani tukidhani kwamba kila kijidudu ni adui. Kumbe walio wengi hawana ugomvi nasi kabisa, na baadhi yao, wakifa, sisi hatutadumu baada yao.

Vijidudu hivi havikutawanyika shambani sawasawa. Hujazana karibu na mizizi. Sababu yake ni chakula. Jani hupika sukari kwa nguvu ya jua, na sehemu ya sukari hiyo hushuka hadi mizizini na kuvuja nje, pamoja na asidi na vitu vingine vitamu kwa vijidudu. Wenzetu wanaofanya kazi Industrial Area wajua jambo hili vizuri: wauza chai na mandazi hawajengi vibanda vyao porini, bali langoni pa kiwanda, kwa maana hapo ndipo unapopita mshahara. Mzizi ni lango la kiwanda. Mjerumani Lorenz Hiltner ndiye aliyeupa ujirani huo jina lake la kitaalamu mwaka 1904, alipoonyesha kwamba udongo ulioshikamana na mzizi ni nchi nyingine mbali na udongo ulio hatua moja kando yake.

Katika ujirani huo wamo wa kila tabia. Kuna wanaoozesha majani na samadi. Kuna wanaolegeza fosforasi iliyokamatwa na udongo mwekundu. Kuna walio wezi na wauaji, nao tutawataja baadaye. Lakini kuna ukoo mmoja ambao unatuhusu kwa fedha, na juu ya huo tutakaa kidogo.

Ng'oeni kwa uangalifu shina la kunde au la njugu karanga lililo katika maua. Msilivute kwa nguvu, bali chimbeni pembeni kwa jembe na kulitikisa taratibu ndani ya maji. Mtaona juu ya mizizi vinundu vidogo, vingine kama kichwa cha pini, vingine kama punje ya mtama. Zamani wakulima na hata wataalamu wengi walidhani vinundu hivi ni maradhi. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walionyesha kwamba mimea ya jamii ya maharagwe yenye vinundu hustawi hata katika mchanga usio na naitrojeni, na shayiri iliyopandwa katika mchanga huo huo hudhoofika. Miaka miwili baadaye, mwaka 1888, Mholanzi Martinus Beijerinck alivitoa vijidudu vyenyewe ndani ya vinundu na kuvikuza peke yake. Tangu hapo ikajulikana kwamba kinundu si jipu. Ni nyumba, na ndani yake mna mpangaji alipaye kodi.

Kodi yenyewe ni naitrojeni. Hiki ndicho kitu kinachoyapa majani rangi yake ya kijani na nafaka nguvu yake, na kikikosekana mahindi huwa manjano kuanzia majani ya chini, kama mama yetu alivyoona. Ajabu ni kwamba hatuna ukosefu wake. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 78 ni naitrojeni. Juu ya ekari moja ya shamba, tangu ardhini hadi hewa inapokwisha, mna zaidi ya tani 30,000 za naitrojeni, na mjane aliye chini yake anakopa fedha ili apate kilo 9 tu zilizomo ndani ya mfuko mmoja wa DAP. Mahindi hayawezi kuitumia naitrojeni ya hewani, kwa sababu chembe zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kubwa mno. Kiwandani huachanishwa kwa moto wa digrii 400 na zaidi, na kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida mara 100 na kupita. Kazi hiyo ilianza kufanywa kwa wingi Ujerumani mwaka 1913, na nguvu yake hutoka hasa katika gesi na makaa ya mawe. Ndiyo maana vita vikitokea nchi za mbali, mbolea hupanda bei kijijini kwetu. Wote mwakumbuka mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000, hata Serikali ikaanza kuutoa kwa bei nafuu mwezi wa Septemba.

Basi kazi ile ile inayohitaji tanuri na mtambo, kijidudu huifanya ndani ya kinundu cha kunde, katika ubaridi wa udongo wa asubuhi, bila kelele wala moshi. Kitumiacho ni sukari ya mmea. Wamefanya mapatano, mmoja aleta chakula na mwingine aleta mbolea.

Jinsi wanavyokutana inastahili kusimuliwa, maana ina mambo kama ya posa. Mzizi wa maharagwe hutangulia kutoa harufu yake maalumu udongoni. Kijidudu kiliacho na asili ya mmea huo huitambua, na hujibu kwa ishara yake. Mmea nao ukiitambua ishara hiyo, unywele wa mzizi hujikunja kama kidole kinachoita, hukikamata kijidudu, na kukifungulia njia nyembamba ya kuingilia ndani. Ndipo kinundu hujengwa na kijidudu kikazaana humo kwa maelfu. Ishara zisipopatana, mlango haufunguliwi. Jambo hili la kupatana au kutopatana ndilo lililotugharimu fedha, kama tutakavyoeleza.

Tena kuna kitu ambacho hakuna aliyetuamini tulipokisema mara ya kwanza. Kinundu kinachofanya kazi, ukikipasua kwa ukucha, ndani yake ni chekundu au cha waridi, kama nyama. Wekundu huo hutoka katika kitu kilicho ndugu wa kile kinachofanya damu yetu kuwa nyekundu, na kazi yake ni kuigawa oksijeni kwa kipimo, kwa sababu oksijeni ikizidi chombo cha kuvunjia naitrojeni huharibika. Kinundu cheupe au cha kijani ndani yake hakifanyi kazi. Ni mpangaji anayekula bila kulipa, au bado hajaanza, au amekwisha kuchoka. Kwa hiyo mtu hahitaji maabara. Ukucha watosha.

Tulikwenda na ukucha huo katika mashamba manne ya wanachama, kwa ruhusa yao. Katika shamba la kwanza tulikuta kunde karibu na jiko, mahali panapomwagwa majivu na takataka za ng'ombe, na vinundu vyake vilikuwa vingi na vyekundu kama ulimi. Maharagwe yaliyokuwa katikati ya mahindi, hatua chache tu kutoka hapo, yalikuwa na vinundu vichache, vyeupe, vingine havikuzidi punje ya mchanga. Shamba la pili na la tatu yalikuwa vivyo hivyo, isipokuwa njugu mawe za bibi mmoja mzee sana, ambaye alicheka alipotuona tukizipasua akasema yeye hupanda njugu hizo mahali mahindi yalipokataa, na mwaka unaofuata mahindi hukubali. Hakuwa amesikia habari ya Hellriegel, na Hellriegel hakuwa amesikia habari yake. Katika shamba la nne tulikuta soya, ambayo mwenye shamba aliletewa mbegu yake na mwanawe kutoka mjini. Tulichimba mashina kumi na mawili. Hatukuona kinundu hata kimoja.

Tofauti hizi zina sababu. Kunde, njugu karanga na njugu mawe si wachaguzi. Hukubaliana na vijidudu vingi vilivyoko tayari katika udongo wa Afrika, maana kunde na njugu mawe ni wenyeji wa bara hili, na njugu karanga, ingawa alikuja kutoka Marekani ya Kusini, hana makuu. Soya alitoka Asia ya Mashariki, na soya wengi wa asili hiyo hawamfungulii mlango ila kijidudu cha kwao. Mbegu ilivuka bahari, mshirika wake akabaki. Wataalamu wa taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, walijitahidi kwa miaka mingi kuzalisha soya asiye mchaguzi sana, na mbegu moja ya ukoo huo yajulikana hapa Kenya kwa jina la SB 19. Atakayepanda soya yafaa aulize kwanza ni mbegu ya namna gani.

Maharagwe ya kawaida ni habari nyingine. Vijidudu vyake vimo, lakini maharagwe yenyewe ni mvivu katika jamii yake. Hukusanya naitrojeni kidogo kuliko kunde au soya, na yale mafupi yanayokomaa upesi ni mavivu zaidi kuliko yale yanayopanda mitini. Wala hatuwezi kulaumu maharagwe peke yake. Kijidudu, hata kikiwa hodari, hakifanyi kazi penye njaa ya fosforasi, wala penye ukame, wala penye udongo mchachu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la mama, na twaomba msikilize kwa makini, maana fedha zenu zimo ndani yake.

Mbolea ya DAP tunayoinunua si sumu, na asiondoke mtu hapa akisema karani amesema ni sumu. Ina naitrojeni na fosforasi, na mahindi huhitaji vyote viwili. Lakini naitrojeni yake imo katika hali ya amonia. Katika udongo kuna vijidudu vya ukoo mwingine, ambavyo Mrusi Sergei Winogradsky alivitenga na kuvieleza mwaka 1890, ambavyo chakula chao ni kuigeuza amonia kuwa naitreti. Naitreti hupendwa sana na mahindi. Hiyo ni faida. Hata hivyo kila vinapofanya kazi hiyo huacha uchachu nyuma yao, kama vile mpishi anavyoacha majivu. Mvua nayo, ambayo kwetu Vihiga si haba, huchukua naitreti iliyobaki na kwenda nayo chini pamoja na chokaa ya asili ya udongo. Mavuno yakiondolewa shambani, na mabua kulishwa ng'ombe au kuchomwa, chokaa nyingine huondoka. Fanya hivyo miaka 20 bila kurudisha kitu, na udongo unakuwa mchachu.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ni katikati, na kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Chini ya 5.5 hivi, alumini iliyolala kimya ndani ya udongo huyeyuka, na hiyo huzichoma ncha za mizizi. Fosforasi hukamatwa na udongo, hata ile mpya tuliyoilipia. Vijidudu vya maharagwe hupungua, na vilivyobaki hushindwa kuingia mzizini. Basi tazameni mzunguko huo: mbolea yatiwa, uchachu wazidi, msaidizi wa bure afukuzwa, naitrojeni yapungua, mahindi yawa manjano, na Chama chaombwa kichange fedha za mbolea nyingine. Sisi hatusemi kwamba mbolea peke yake ndiyo iliyoleta hasara. Mashamba yetu ni madogo, mengi hayafiki ekari moja, nayo hayapumzishwi kamwe. Lakini kwa jinsi tulivyoona, kuongeza mifuko bila kutazama uchachu ni kujaza maji katika mtungi wenye ufa.

Dawa ya uchachu ni chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa, na kwa bahati njema inachimbwa si mbali nasi, kule Koru. Huenezwa na kuchanganywa na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda. Isitiwe kwa kukisia. Shamba lipimwe kwanza, kwa maana chokaa ikizidi nayo huzuia vyakula vingine vya mmea, na shamba lisilo chachu halina haja nayo. Tulipoleta habari hii kwenye Kamati, mzee mmoja alisema waziwazi kwamba mjane aliyezoea kupokea mfuko wa mbolea hatafurahi kupokea mfuko wa vumbi jeupe. Ni kweli. Lakini twadhani mjane yule ataelewa upesi kuliko sisi tulivyoelewa, akionyeshwa kinundu cheupe na kinundu chekundu.

Sasa juu ya vijidudu vinavyouzwa katika pakiti. Vipo, na si uongo. Hapa Kenya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, walitengeneza unga wenye vijidudu hai kwa ajili ya maharagwe, soya na mimea mingine ya jamii hiyo, na unga huo hutengenezwa na kuuzwa na kampuni ya MEA kwa jina la Biofix. Tangu mwaka 2009 hadi 2019 kulikuwa na mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, ambao ulieneza habari hizi kwa wakulima wa nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo. Bei ya pakiti ni ndogo mno ukiilinganisha na mfuko wa mbolea. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji yenye gundi au sukari, unga hunyunyizwa juu, huchanganywa taratibu mpaka kila punje ivae koti jeusi, kisha hupandwa siku ile ile katika udongo wenye unyevu. Kazi yote ifanyike kivulini.

Neno hili la kivulini hatulisemi kwa mazoea. Unga huu si chumvi; una uhai ndani yake, na jua kali huua. Mwaka huu duka moja mjini lilituuzia pakiti zilizokuwa zimepangwa dirishani, jua la mchana likizipiga, na tarehe ya kumalizika kwake ilikuwa imepita. Mwenye duka alisema tarehe hiyo ni ya serikali tu. Tulimrudishia, naye alizipokea kwa shida. Mnunuzi na asome tarehe kabla ya kutoa fedha, aulize pakiti imewekwa wapi, na atazame pia jina la mmea lililoandikwa, kwa maana pakiti ya maharagwe haitafaa soya. Akifika nyumbani aiweke mahali pa baridi, kando ya mtungi wa maji, mbali na paa la mabati. Wala asiimwage pamoja na mbolea ya dukani juu ya mbegu, kwani chumvi ya mbolea huviunguza.

Yule mwenye shamba la nne alikubali kurudia kupanda soya yake wakati wa vuli, mistari sita kwa unga na mistari sita pasipo unga, samadi ikiwa sawa. Hatuna mizani ya kitaalamu wala hatutaki kuwatajia tarakimu. Tunachoweza kusema ni kwamba mtu aliyepita barabarani aliweza kuonyesha kwa kidole ni wapi unga ulipokoma. Mizizi ya upande mmoja ilikuwa na vinundu vya mviringo, vikubwa kama njegere ndogo, karibu na shina. Upande wa pili palikuwa patupu kama awali.

Hata hivyo tusidanganyane. Soya akivunwa huondoka na sehemu kubwa ya naitrojeni yake ndani ya punje, na anachoiachia ardhi ni majani, mabua na mizizi. Desturi yetu ya kung'oa maharagwe na shina lake, kuyapeleka uani, kuyapura na kisha kuyachoma makapi yake, humwachia mahindi wa mwaka ujao jivu tu. Naitrojeni huenda na moshi. Afadhali makapi yale yarudishwe shambani, au alishwe ng'ombe na samadi yake irudishwe. Na mahindi bado yatahitaji mbolea kiasi. Wapo wachuuzi, hasa siku hizi za simu, wanaouza chupa za maji ya rangi wakisema zina vijidudu vinavyomaliza haja ya mbolea kwa kila mmea. Sisi hatujaona mahindi yenye vinundu, wala hatujapata mtaalamu aliyeyaona.

Tuliahidi kuwataja majirani wabaya. Kuna bakteria wa udongoni anayeingia mizizini mwa viazi, nyanya na biringanya, akaziba mishipa ya maji, na mmea ukanyauka ungali wa kijani, kana kwamba umekosa maji hali udongo una unyevu. Kata shina karibu na ardhi, ulitundike katika gilasi ya maji safi, ungoje dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya maji, ndiye. Hana dawa ya dukani. Husafiri ndani ya mbegu za viazi zinazoonekana nzima, na kwenye matope ya jembe na viatu. Kwa hiyo twaiomba Kamati isinunue tena viazi vya kula sokoni na kuvipeleka nyumbani kama mbegu, hata vikiwa rahisi namna gani. Mbegu inunuliwe kwa mtu aliyekaguliwa. Shamba lililoingiwa lipandwe mahindi au nyasi kwa misimu kadhaa.

Juu ya kayongo tutasema kidogo, kwa maana wengi mmekwisha kuhudhuria mafunzo yake. Ua lake la zambarau ni zuri, lakini mizizi yake hunyonya mahindi chini kwa chini, na hupenda udongo uliochoka naitrojeni. Wataalamu wa ICIPE kule Mbita walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba majani yaitwayo desmodiamu, yakipandwa kati ya mistari ya mahindi, hutoa mizizini kitu kinachoiamsha mbegu ya kayongo kabla ya wakati, ikachipua na kufa bila kupata mwenyeji. Wanaosema desmodiamu ni majani ya ng'ombe tu wamesema nusu. Nayo ni ya jamii ya maharagwe, ina vinundu vyake, na huongeza naitrojeni huku ikifanya kazi nyingine. Tulipasua vinundu vyake kwa mwanachama mmoja wa Luanda. Vyekundu.

Kwa hayo yote, Bwana Mwenyekiti, Kamati inaleta ombi mbele ya mkutano. Fedha za mbolea zisipunguzwe hata shilingi moja, lakini zisitumike zote kwa mifuko. Kabla ya masika yajayo, udongo wa kila mjane na mzee aliye katika orodha upimwe kwa gharama ya Chama. Atakayekutwa na uchachu apewe chokaa mwaka wa kwanza pamoja na nusu ya mbolea aliyozoea; asiyekutwa nao apewe mbolea yake kama kawaida. Kila mmoja apewe pia pakiti moja ya vijidudu pamoja na mbegu inayolingana nayo. Twajua kwamba wako watakaosema ni hatari kumpunguzia mjane mbolea kwa ajili ya kitu kisichoonekana, nao wana haki ya kusema hivyo, kwa maana yeye ndiye atakayelala njaa wala si sisi tulio na mshahara. Kwa sababu hiyo Kamati imeomba kwamba mwaka wa kwanza jambo hili lifanywe tu kwa wale watakaokubali wenyewe, na kwamba Chama kiweke akiba ya magunia kumi ya mahindi kwa ajili ya yeyote ambaye mavuno yake yatapungua.

Kura itapigwa baada ya hesabu kusomwa. Wanachama watakaotaka mashamba ya wazazi wao yaandikwe kwa kupimwa waonane na Mweka Hazina mezani pake kabla ya kuondoka, nao waeleze shamba lilipandwa nini misimu mitatu iliyopita. Mifuko ya kutilia udongo iko chini ya meza. Udongo uchukuliwe sehemu nyingi za shamba, kina cha shubiri moja, uchanganywe katika ndoo safi isiyokuwa na mbolea, ukaushwe kivulini, na uletwe nusu kilo, jina likiwa limeandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa maana wino hufutika kwa unyevu.